Aliyepewa Asome

Ukitaka kuwaona watu wa Tabora wakisahau adabu zao zote, nenda steshenari siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ajira. Siku hiyo hata mtu aliyelelewa vizuri atakukanyaga vidole na asiseme pole. Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi ile dukani kwa Mzee Kasimiri, jirani na soko, pale Nawal Humaidi alipojipenyeza mpaka mbele na kitabu chembamba mkononi. Alivaa abaya nyeusi yenye zari kwenye mikono na mtandio wa zambarau, na miwani yake ilikuwa ikiteleza puani kwa jasho.

"Kaka, naomba kopi kumi na mbili za kitabu hiki. Chote."

Kijana aliyekuwa kwenye mashine hakugeuka. "Dada, wenzako hapa wanatafuta ajira. Wewe unatafuta nini?"

"Natafuta kopi kumi na mbili."

Watu wakacheka, na kijana naye akageuka ili amwone huyo mwenye majibu. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la mistari limenyooshwa vizuri na mikono imekunjwa ili isiguse wino. Akatabasamu bila haraka. Wanaume wanaojua kwamba tabasamu lao ni zuri huwa hawana haraka nalo.

"Kiache, urudi saa kumi."

"Nakiachaje? Ni cha maktaba, na wewe sikujui."

"Naitwa Masele. Sasa unanijua."

Nawal akaketi juu ya boksi la karatasi na kusubiri saa nzima. Watu walipopungua, Masele akaanza kutoa kopi, na kila ukurasa aliougeuza aliusoma. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja, mashine ikanyamaza.

"Karatasi zimenasa?" Nawal akauliza.

"Hapana."

"Umeme?"

"Umeme upo, mwalimu. Nasoma."

"Nani kakwambia mimi mwalimu?"

"Chaki iko kwenye mkono wa abaya yako."

Kilikuwa kitabu cha tamthilia, tena tamthilia ngumu. Wengi walioiazima waliirudisha maktaba wakiwa wamekasirika. Mwizi wa ng'ombe amezingirwa na wanaume thelathini. Kamanda wa sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, anaamuru kila mmoja ampige fimbo moja tu, ili kesho asitokee wa kusema mimi sikuwemo. Zamu ya kijana wa mwisho inafika mtu yule akiwa hatikisiki tena. Kijana anapiga. Kurasa zote zinazobaki anauliza kama ameua mtu au amepiga maiti. Mwishoni anawanyooshea watazamaji fimbo, na pazia linashuka bila jibu.

"Huyu mwandishi hakuwahi kuwepo penye jambo kama hili," Masele akasema, kidole kikiwa kwenye mstari. "Kaandika watu wanapiga kelele. Watu hawapigi kelele. Wanakaa kimya, kila mmoja anamtazama mwenzake kama kapiga kweli."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi mtu wa Ziba, kule Igunga, mwalimu. Kwetu nani hana mjomba aliyekuwa sungusungu?"

Nawal akacheka. Simlaumu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amekulia mtaa wa Mtendeni katika nyumba yenye mlango wa nakshi, na kifo alichokijua ni kile cha wazee wanaoondoka wakisomewa Yasini. Akatoa namba yake ya simu "kwa ajili ya kopi zilizobaki", na wote wawili walijua kwamba hakuna kopi iliyobaki.

Simu zikaanza jioni ileile.

"Mwalimu, umelala?"

"Saa kumi na mbili nilale, mimi kuku?"

"Nilitaka kukuuliza. Yule kijana wako umemsamehe?"

"Nimsamehe kwa lipi? Angekataa kupiga."

"Angekataa wangemgeuzia yeye. Kwetu anayemtetea mwizi ni mwizi."

"Basi wangemgeuzia."

"Una roho ngumu wewe, mtoto wa Humaidi."

"Na wewe yako imelainika mno, Bwana Kopi. Ungezaliwa jogoo ungeomba radhi kwanza ndipo uwike."

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa ubishi juu ya mtu asiyekuwepo duniani. Kila Jumamosi Nawal alipomaliza kusoma tamthilia ile na wanafunzi wake kumi na wawili, Masele alimsubiri kwenye mgahawa unaotazama stesheni ya reli, mezani pana chai ya maziwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo mama yake alimtumia kutoka Ziba. Nawal alijifunza kuvitafuna polepole. Masele alijifunza kumwita "habibti" kwa lafudhi iliyomfanya Nawal afiche uso kwenye mtandio kwa kicheko. Alimpenda. Alipenda vidole vyake vyenye madoa ya wino, alipenda namna alivyonyamaza kabla ya kujibu, na alipenda zaidi kwamba mwanamume aliyesema mwenyewe kwamba hakufika chuo alikuwa akisoma kitabu kwa makini kuliko walimu wote wa shuleni kwake Nawal. Kila wiki swali lilikuwa lilelile: "Bado hujamsamehe?" Nawal aliona ni namna yake ya kutongoza.

Maji yakirudiarudia hulainisha hata jiwe. Redio moja ya mjini ilikuwa na kipindi cha vitabu Jumapili asubuhi, wakamwomba Nawal asome maoni yake kama msomaji. Masele alisikiliza dukani, amesimama, watu wakimpita.

"Kwa wiki sita nilimchukia kijana huyu," sauti ya Nawal ikasema. "Leo namsamehe. Hakujua kama yule mtu ni mwizi au si mwizi. Alipewa fimbo, hakupewa ukweli. Mtu hawezi kudaiwa kitu ambacho hakupewa."

Masele akaweka paji la uso juu ya mashine iliyokuwa bado ya moto na kukaa hivyo mpaka mteja mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Alasiri ile, mgahawani, hakugusa chai. "Nawal, yule kijana ni mimi."

"Wewe ndiye nani?"

"Nilishika fimbo. Miaka kumi na moja iliyopita, kwetu Ziba, saa sita mchana jua linawaka. Mtu alikuwa na ng'ombe wawili. Nilimpiga fimbo moja, na wenzangu moja moja, akafa."

Nawal akafanya jambo ambalo binti wa ukoo wake hafanyi mbele za watu: akamshika mkono juu ya meza, machozi yakimtiririka chini ya miwani. "Ndiyo maana ulikuwa ukiniuliza. Wiki zote hizo ulikuwa ukiniuliza habari zako."

"Ndiyo."

"Hukujua, Masele. Ulikuwa mtoto, na hukujua."

Masele akakawia. "Sikujua," akasema. Nawal akadhani alikawia kwa uchungu, akaubana mkono ule zaidi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Masele alisilimu kwa Shehe Nurdini na kupewa jina la Mubaraka, ambalo hakuna aliyelitumia hata siku moja. Mzee Kasimiri akawa mshenga, akapeleka barua ya posa Mtendeni akiwa amevaa kanzu ya Idi. Qais, kaka yake Nawal, muuza vifaa vya ujenzi, alimwita Masele barazani amkague kwa macho yake mwenyewe.

"Sisi babu yetu alifika mji huu kwa miguu," Qais akasema, akijikuna ndevu. "Alikuja na msafara kutoka Bagamoyo, miezi mitatu njiani."

"Hata babu yangu alikuwemo, kaka. Yeye alikuwa amebeba mzigo."

Watu wote barazani wakageuza shingo. Kisha Qais akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na mama yao, Bi Asmahani, akaagiza halua iletwe. Posa ikakubaliwa.

Kesho yake Masele akazima simu.

Siku ya kwanza Nawal alifikiri ni chaji. Siku ya nne alifikiri ni Qais, kwamba pengine kaka yake alimtisha pembeni. Siku ya tisa alikwenda dukani, na Fikiri, mwenzake Masele wa kwenye mashine, akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Fikiri, yuko wapi?"

"Shemeji, mimi sijakwambia. Yuko Igalula. Huenda kila mwisho wa mwezi na mfuko wa unga na sukari. Kuna mama mmoja kule, ana watoto watatu."

Wivu haungoji mtu avae viatu. Nawal alipanda gari moshi la asubuhi kwenda Igalula na kandambili za nyumbani miguuni, na njia nzima alikuwa akipanga matusi, yeye ambaye hakuwahi kumtukana mtu. Pale stesheni aliuliza mara moja tu. Nyumba ilikuwa nyuma ya reli, na juu ya paa alikuwapo Masele, misumari mdomoni, akigongelea bati. Chini watoto wawili walimshikia ngazi wakiita, "Baba mdogo, angalia usianguke!"

Mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge cha bluu, akatoka na ungo wa karanga. "Karibu, mgeni. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta mume wa mtu," Nawal akasema.

Masele alitema misumari na kushuka, na mwanamke yule, badala ya kukasirika, akapiga kigelegele. "Jamani! Huyu ndiye Nawal? Shemeji, huyu ndiye wifi yetu uliyetuambia? Karibu mama, karibu sana. Mimi Jenifa. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu."

Aibu ilimwingia Nawal mpaka kwenye nyayo. Aliketi kwenye kigoda, akapokea maji, akamkonyeza Masele kumwomba msamaha. Masele hakumtazama.

"Mume wangu aliitwa Bundala," Jenifa akaendelea, akipepeta. "Walimuua Ziba, wakasema mwizi. Mwizi gani, wifi yangu? Ng'ombe wale aliwanunua mnadani, akachukua na kibali, nilikuwa naye pale mnadani, niliona kwa macho yangu akikiweka mfukoni kabla sijatangulia nyumbani kwa basi. Mpaka leo watoto hawa shuleni wanaitwa watoto wa mwizi. Ndugu zake mwenyewe walitukimbia. Huyu shemeji peke yake ndiye aliyetutafuta, alikuja mwaka wa tatu akasema alifanya biashara na Bundala. Mungu amlipe."

Nawal aliweka kikombe chini. Aliaga vizuri, akamkumbatia Jenifa, akatembea mpaka stesheni bila kugeuka, Masele nyuma yake. Jukwaani palikuwa na magunia ya mpunga na akina mama wakiuza mahindi ya kuchoma. Wakasimama kando ya magunia.

"Hukuniambia alikuwa na kibali."

"Nawal..."

"Ulijua?"

Masele aliongea akitazama reli. "Kaka yangu ndiye aliyepiga mwano, ule ukelele wa kuita wanaume wote. Tukatoka. Yule mtu hakukimbia. Alikuwa akisema karatasi iko mfukoni, karatasi iko mfukoni. Kamanda akaitoa. Kamanda hakujua kusoma. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, peke yangu pale. Akanipa. Akasema, 'Msomi, hii inasemaje?'"

"Ilisemaje?"

"Ng'ombe wawili, mmoja mwekundu, mmoja wa mabaka. Bundala, mkazi wa Igalula. Mnada wa asubuhi ileile."

"Wewe ukasema nini?"

"Nilimwangalia kaka yangu. Nikisema ni halali, yeye ndiye kapiga mwano wa uongo, na mimi ndiye ninayemtetea mwizi. Nikasema muhuri hausomeki."

"Ulikuwa hausomeki?"

"Ulikuwa unasomeka."

Muuza mahindi alisogea kuwauliza kama watanunua, akawaona nyuso, akarudi nyuma. Nawal akauliza swali la mwisho kwa sauti ndogo. "Na ulikuwa wa mwisho kupiga?"

"Nilikuwa wa nne. Alikuwa bado ananiangalia."

"Afadhali angekuwa mke wako," Nawal akasema. "Wallahi, Masele, afadhali. Ningelia wiki mbili nikaolewa na mwingine."

"Redioni ulimsamehe..."

"Redioni nilimsamehe asiyejua! Nilimsamehe mtu wa kitabuni! Wewe ulijua, halafu ukaja kula chakula cha watoto wake na kuitwa baba mdogo!"

"Nilikuwa nawaletea unga, sikuwa nakula..."

"Wanakuita baba mdogo!"

Ndipo Masele akakasirika, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Na nyinyi je? Babu yenu na msafara wake, miezi mitatu njiani. Waliokufa njiani wamebeba meno ya tembo, waliofungwa minyororo, nani kawaombea radhi? Mbona mnalala usingizi na mlango wenu wa nakshi?"

Neno hili lilimfika. Ukweli hauchagui mdomo wa kutokea. "Sijui," Nawal akajibu. "Hilo nitaulizwa na sina jibu. Lakini mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo, na karatasi ulikuwa nayo mkononi."

Hasira ikamtoka Masele palepale, akabaki mtu aliyechoka. Alisema kwamba tangu posa ikubaliwe alikuja Igalula kila siku akidhamiria kumwambia Jenifa, na kila siku aliishia kupigilia bati. Akamshika Nawal ncha ya mtandio. "Mpenzi, niambie nifanye nini. Ukisema niende polisi, naenda leo, wakinyonga wanyonge. Ukisema ninyamaze tuoane, nitanyamaza mpaka kaburini. Wewe sema tu."

Nawal akauvuta mtandio wake. "Ulipewa usome, ukaogopa watu. Leo unanipa mimi nikusomee? Sisomi, Masele. Hiyo ni ya kwako."

Akapanda gari moshi peke yake. Masele akabaki amesimama kati ya magunia.

Nyumbani hakusema. Unasemaje? Qais alikuwa ameshalipia ukumbi na kujisifu mji mzima kwamba shemeji yake ana ulimi mtamu. Nawal alijifungia chumbani akisema anaumwa kichwa. Mara tatu aliandika ujumbe wa maneno mawili, "Usiende. Nyamaza," na mara tatu akaufuta kabla haujatoka. Na mimi sitamtetea kwamba alikuwa mtu wa haki kuliko wengine. Alimtaka mwanamume yule, alimtaka na madoa yake ya wino na matobolwa yake, na kilichomtisha si kwamba Masele angeenda, ni kwamba asingeenda, akarudi, na yeye akamfungulia mlango.

Jumamosi, saa tano asubuhi, simu ikalia.

"Habibti."

"Uko wapi?"

"Igunga. Niko nje ya kituo cha polisi. Jenifa nimemwambia juzi."

Nawal akaketi kitandani. "Alisemaje?"

"Hakulia. Aliniuliza kama Bundala aliomba maji."

"Aliomba?"

"Aliomba. Nikamwambia aliomba." Sauti ikakatika, ikarudi. "Kasema nisikanyage tena kwake. Kasema niende nikaseme, watoto waache kuitwa watoto wa mwizi. Kibali ninacho, sikuwahi kukitupa. Na kaka yangu nitamtaja."

"Yeye anajua?"

"Atajua leo." Masele akavuta pumzi. "Nawal, nikitoka, ikiwa nitatoka, utakuwepo?"

Hapo ndipo penyewe. Neno moja tu, ndiyo, lingemwingiza mlangoni pale kifua mbele, na lisingegharimu kitu, maana nani angelidai, na lini? Nawal alilisikia likija mpaka kwenye meno. Alijua pia kwamba mtu huyu alikwisha kuisoma karatasi kwa uongo mara moja, na uongo huo umemla miaka kumi na moja.

"Sitakuwepo," akasema.

"Kwa hiyo hunipendi."

"Nakupenda. Nakupenda mpaka natamani ungenidanganya tuzeeke nao, uongo huo. Lakini nikikutazama ukisoma kitu chochote, hata gazeti, nitamwona yule mtu anakuangalia. Siwezi, Masele. Sitakuwepo."

"Sawa." Akakohoa. "Ni vizuri nimejua kabla sijaingia."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Ingia, basi."

Hakuna aliyekata simu. Nawal alisikia hatua kwenye kokoto, mlango ukilia, na sauti nzito ikiuliza, "Wewe, una shida gani?" Kisha sauti aliyoizoea, ya chini na ya heshima: "Shikamoo, afande. Nimekuja kueleza habari za mtu tuliyemuua Ziba, hakuwa mwizi." Simu ikakatika.

Alikaa na ile simu sikioni. Alilia kwa kujiziba mdomo na mto, kilio cha mtu ambaye hana wa kumlaumu na angependa sana apatikane. Alikuwa bado analia mama yake alipoita kutoka uani, kwa sauti ya furaha.

"Nawal! We Nawal! Fundi kaleta gauni, njoo ulijaribu kabla hajaondoka!"

Alinawa uso. Alitoka, akamwamkia fundi, akaingia ndani ya gauni lile jeupe lenye shanga kifuani huku mama akimfunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja na kumsomea dua, kwa sababu bado hakuwa amepata namna ya kumwambia. Lilimkaa vizuri kabisa. Fundi alisema halihitaji kupunguzwa popote.